Kitenge cha Mama Kilichofumuliwa

Kwa Mzee Abrahamu,
Magamba,
Lushoto.

26 Agosti 2024

Mpendwa Dada Modesta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Kristian na huyo mpwa wangu Sesilia ambaye naambiwa ameanza kuota meno. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la Sumbawanga? Mama anauliza kila siku kama unajifunika vizuri, kana kwamba huko nako kuna ukungu kama wa huku. Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekaa kuliko kawaida, na maharage ya shamba la karibu na msitu yamedumaa. Baba anakohoa kidogo asubuhi, ila bado ndiye wa kwanza kushika jembe.

Ulinipigia mara kadhaa na hukunipata. Sikuwa nakukwepa. Wakili wangu, dada mmoja anayeitwa Husna, alinikataza kuzungumza habari za kesi kwenye simu, maana neno lolote linaweza kurekodiwa. Baada ya yaliyompata Baba, nilimwamini. Kisha nikazoea tu kuizima. Sasa nimekaa na shajara yangu mezani nikuandikie mambo kwa mpangilio, kwa sababu najua mliyoyasikia redioni huko ni kwamba nimejiuza kwa timu mbili. Sivyo ilivyokuwa.

Mkataba wangu na Mikoko, timu yangu ya pwani, uliisha tarehe 30 Juni. Mwezi wa tano, nikiwa bado kambini, katibu wa timu alipanda huku Magamba na wenzake wawili bila kuniambia. Walileta blanketi, doti ya kitenge na mfuko wa sukari. Unamjua Baba. Mtu akija na mzigo, akavua kofia mlangoni na kuuliza habari za ukoo kabla ya kusema haja yake, kwa Baba huyo amekuja kwa heshima. Akamwita Mzee Amiri, jirani yetu, aje awe shahidi, na Mzee Amiri ndiye aliyechinja kuku ili kila mgeni aweze kula bila wasiwasi. Walipomaliza kula, katibu akasema wanaomba mtoto aendelee kukaa kwao. Baba akajibu jinsi anavyojibiwa mgeni aliyeleta mzigo. Alisema, "Mtoto huyu ni wenu." Mmoja wao alikuwa ameinua simu. Baba alidhani anatafuta mtandao.

Mimi sikuambiwa. Kwa Baba, maneno ya namna hiyo huambiwa mtu akirudi nyumbani, wamekaa. Basi mkataba ulipoisha nikasaini na Nyota ya Ziwani ya Mwanza, nikapanda basi nikiwa na furaha ambayo sasa naionea haya. Nilifanya mazoezi nao wiki moja. Mikoko wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya shirikisho la mpira kwamba familia yangu ilikwisha kukubali niendelee kwao, na ushahidi wao ni Baba ndani ya simu, amekaa kwenye kigoda chake. Usajili wangu ukasimamishwa mpaka shauri lisikilizwe. Kocha aliniita pembeni akaniambia nirudi nyumbani nikalimalize. Hakuwa mkali. Wenzangu walikuwa wanakula, na sikujua kama nipite mezani kuaga au niondoke tu. Niliondoka tu.

Dada, sikujua kijiji ulichozaliwa kinaweza kuwa kigeni hivi. Asubuhi nakimbia barabara ya msituni hadi pumzi inaniishia, kisha narudi kupiga mpira ukutani nyuma ya ghala. Mwanzoni nilikwenda uwanjani jioni. Vijana wamesikia habari za kitenge, na kila nikigusa mpira mmoja anasema, "Bibi harusi huyo, mpisheni." Mwingine anauliza, "Leo uko kwa mume gani?" Nilicheka nao siku ya kwanza. Siku ya tatu nikawa siendi. Mbaraka, yule golikipa niliyekuwa nalala naye chumba kimoja Mikoko, aliniandikia ujumbe kwamba wamekatazwa kuwasiliana nami mpaka kesi iishe. Akamalizia, "Usinijibu, ndugu yangu." Sikumjibu.

Wakili Husna aliniambia kisheria jambo lenyewe ni jepesi: mimi ni mtu mzima, pasipo sahihi yangu hakuna mkataba. Ila kwa kuwa Baba ndiye ushahidi wao, alitaka afike Dar es Salaam siku ya kusikilizwa, tarehe 6 Agosti, aseme kwamba alikuwa anakarimu wageni tu, yale maneno hayakuwa na uzito.

Baba alikataa. Tulikuwa jikoni, Mama akimenya viazi.

"Unataka niseme sikusema?"

"Hapana, Baba. Useme hukumaanisha."

"Mimi nilishawahi kusema kitu mlangoni kwangu bila kukimaanisha? Amiri alikuwepo. Nimwangalie vipi Amiri?"

Nikamwambia kwamba huo ni mpira, wala si posa. Akasema yeye hajui mpira, anajua kwamba alipokea vitu vya watu na vitu hivyo bado vimo ndani ya nyumba yake. Neno haliwezi kutoka, vitu vikabaki. Kwanza vitu virudi kwa waliovileta, mbele ya shahidi yuleyule, ndipo neno lifunguliwe.

Tatizo ni kwamba sukari tulikwisha kuinywa, blanketi lilikuwa kitandani kwao, na kitenge Mama alikwisha kushona gauni na kwenda nalo kanisani. Sukari na blanketi vilipatikana vingine mjini Lushoto. Kitenge cha rangi ile hakikupatikana, si Lushoto, si Mombo. Mama alilitoa gauni sandukuni, akakaa nalo mlangoni penye mwanga, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja kwa wembe. Kola, mikono, kiuno. Akafua vipande, akavinyoosha kwa pasi ya mkaa, akavishikiza pamoja kwa mkono mpaka vikafanana tena na kitambaa. Alimaliza tarehe 8. Ile tarehe 6 ilikwisha kupita, na shauri likaahirishwa hadi tarehe 19 kwa sababu shahidi hakufika.

Tuliteremka tarehe 10, Baba, Mzee Amiri na mimi, hadi ofisini kwa Mikoko. Katibu alicheka alipoona mfuko wa sukari.

"Mzee, vipi, mmekuja kuvunja uchumba?"

"Mlikuja kama watu wa uchumba," Baba akamjibu. "Hesabu vitu vyako."

Mzee Amiri akaongeza kwamba kuku waliyemla wanasamehewa. Katibu akavisukuma vitu pembeni ya meza, akasema haya, vimefika. Baba alitoka pale amenyooka mgongo. Njia nzima ya kurudi alikuwa anamwonyesha Mzee Amiri mashamba ya mkonge kama mtu aliye matembezini. Mimi nilikaa nyuma yao. Nilikuwa nafahamu kitu ambacho wao hawakukifahamu.

Shauri lilisikilizwa tarehe 19. Wajumbe wa kamati walimwuliza Baba kama alisema maneno yale. Akasema, "Nilisema." Wakili Husna alifumba macho. Wakamwuliza, na sasa? Akasema, "Vitu vyao nimevirudisha, wakavipokea mbele ya shahidi. Sasa sina neno nao, na wao hawana neno nami." Wale waheshimiwa waliandika, lakini uamuzi haukugusa habari hiyo hata kidogo. Ulisema tu kwamba sahihi yangu haipo, kwa hiyo Mikoko hawana mkataba nami. Ni vilevile wakili alivyoniambia tangu mwezi wa saba. Nimeshinda, Dada. Baba alimshika Mzee Amiri mkono hadharani, na nje ya jengo akanunua soda tatu.

Lakini dirisha la usajili lilifungwa tarehe 15. Nyota walinipigia kesho yake. Walisema hawakuweza kuiacha nafasi wazi kwa mtu mwenye kesi, wamemsajili mshambuliaji mwingine, nisubiri dirisha dogo, Januari, waone. Lile neno "waone" ndilo linalolala nami. Kama shauri lingesikilizwa tarehe 6, leo ningekuwa Mwanza.

Hilo nimekuandikia wewe peke yako. Baba sikumwambia, wala Mama. Nimewaambia nimepewa mapumziko, kocha ataniita. Wewe ungefanyaje? Nikimwambia Baba kwamba siku zile alizokuwa anasafisha neno lake ndizo zilizofunga mlango wangu, atakuwa ameelewa mpira kwa mara ya kwanza maishani, na sitaki auelewe kwa njia hiyo. Tena kuna saa namkasirikia sana, naondoka mezani nasingizia kuni. Halafu nauona mkono wa Mama, kidole alichojikata kwa wembe akifumua gauni, nakosa pa kuipeleka hasira. Ukipiga simu, tafadhali ulizia maharage tu.

Jumamosi Nyota walicheza mechi yao ya kwanza. Sikutaka kusikiliza, lakini Baba alikuwa ameazima betri kwa Mzee Amiri tangu asubuhi. Akaleta kigoda karibu na redio na kumwita Mama naye akae. Mtangazaji alianza kusoma majina. Baba aliinamisha kichwa, kiganja nyuma ya sikio, kama anavyosikiliza matangazo ya ndoa kanisani. Yakasomwa ya wanaoanza. Yakasomwa ya wa akiba. Mtangazaji akahamia timu ya pili.

"Wamemaliza?" akaniuliza.

Nikamwambia wamemaliza.

Akasema, "Huyo kocha bado hajakujua." Akaizima redio ili betri zisiishe. Alisema tutazihitaji Jumamosi ijayo.

Nisalimie sana shemeji Kristian, na umbusu Sesilia kwa niaba ya mjomba wake. Mama anakusalimu, na anakutumia iliki kidogo kwa mtu atakayepita Dodoma. Mzee Amiri anasema usisahau Kishambaa chako huko. Mungu awalinde usiku na mchana, akupe kifua chepesi, na akufungulie njia uje hata kwa siku chache, maana nyumba hii ina watu watatu na kila mmoja anakaa peke yake.

Mdogo wako akupendaye na kukukumbuka,

Aron