Nilisomea Umeme, Nikapewa Birika

Mamangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, Mola akunawirishie kaburi. Ni mimi, Mwanaidi wako. Tangu tukuzike hapa Kipungani sijakwambia lolote, kwa sababu kila habari niliyokuwa nayo niliona haya kukuletea. Leo kunyamaza kumenishinda.

Ulisuka mikeka mpaka ncha za vidole zikapasuka, ili mimi na kakangu Twalib tusome. "Soma, mwanangu, ndia ya kupita ni hiyo," ulikuwa ukiniambia, macho hujayainua kwenye ukili. Nikasomea umeme. Twalib akasomea uhasibu. Wewe ukaondoka kabla ya kutuona tumevaa majoho.

Kazi tuliitafuta, mama, hata tukachoka kuulizwa na watu kama tumepata. Mwishowe tukaitwa sote wawili mtaa wa Mkomani, kule mjini, kwenye nyumba kubwa inayogeuzwa hoteli. Msimamizi alivitazama vyeti vyetu, kisha akatutazama sisi. Twalib akapewa kuvuta nyaya za umeme. Mimi nikapewa birika, niwapikie mafundi chai. "Dada, juu ya ngazi si mahali pa mwanamke," akanambia, tena kwa upole, kama anayenihurumia.

Twalib hakukataa. Angekataaje? Mimi nikikaa bila kazi, watu husema basi aolewe. Yeye akikaa, husema huyo si mwanamume, na hata salamu yake huitikiwa nusu. Jioni nikawa namfundisha: zima kwanza, pima, ndipo ushike. Alijitahidi, masikini. Siku moja mtu akawasha umeme kule chini, naye Twalib bado ameshika waya. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni.

Hakufa, mama. Lakini mkono wa kulia umekauka, na mkewe amerudi kwao Pate. Niliomba nipewe nafasi ile. Wakaleta mwanamume mwingine, naye pia hakusomea umeme. Mimi ningali nachemsha chai.

Twalib hushinda ndani, mkono kaufunika kwa kikoi. Juzi alinambia, "Afadhali mama hayupo." Nilitaka kumkanya. Badala yake nikakivuta kikoi kilichokuwa kimemteleza mkononi.

Lala, mamangu. Siwezi kukuahidi kwamba mambo yatatengenea, sioni yatatengeneaje. Nakuahidi hili tu: kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, nitamfungia vifungo vya shati, na sitamruhusu mtu yeyote amwite mzigo mbele yangu.

Mwanao,
Mwanaidi