Kopo la Kwanza Ulionja Wewe

Mama,

Shikamoo. Walevi wangu hawajambo. Ndivyo ulivyoniuliza kila niliporudi Michenga kutoka kazini, "Walevi wako hawajambo?", na mimi nikanuna bure. Leo natamani swali hilo kuliko chakula.

Bado nalea panya wa maabara mjini Ifakara. Wengine tunawapa kilevi, wengine maji matupu, kisha tunawatia kwenye beseni kubwa watafute kijukwaa kilichofichwa chini ya maji. Wasiokunywa, wakishakizoea, wanakwenda moja kwa moja. Wanaokunywa wanazunguka ukingoni, wanakipita, kelele kidogo tu inawatoa kwenye shughuli. Mchana nayaandika hayo daftarini. Jioni nakuona wewe unaipita nyumba yetu, unafika kisimani, unarudi, unaipita tena.

Na hukuwa mlevi, Mama. Hilo ndilo linaloniuma. Ulikuwa mpika komoni mwenye adabu: hakuna mteja aliyepokea kopo kabla hujalionja mbele yake, aone halina sumu. Mafunda mawili, matatu, kwa kila mmoja, miaka yote niliyosomeshwa na pombe hiyo hiyo.

Siku moja tunapepeta mchele ukaniuliza, "Mwanangu, hao panya ukiwaachisha, akili inarudi?" Jibu nilikuwa nalo. Nimewaona walioachishwa wakipata nafuu. Si wote, wala si kama mwanzo. Nikasema sijui. Niliona haya kuisema vibaya kazi iliyonilea. Wewe ukacheka, ukaendelea kupepeta.

Dada Kresensia amerithi mapipa yako. Wiki iliyopita nilimweleza yote, mpaka swali lako na uongo wangu. Aligomba sana, akasema wateja watamkimbia. Juzi nikamkuta anamkabidhi mzee mmoja kopo bila kulionja. Mzee akauliza mbona hivyo. Akamwambia, "Baba, ukiogopa, liache." Mzee akanung'unika, akanywa, akaomba lingine.

Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Kumbe lilikuwa jambo dogo namna ile.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, yeyote atakayeniuliza nitamjibu, hata nikiona haya. Naanza na wewe, ingawa nimechelewa: akili inarudi, Mama. Si yote. Pengine ingetosha unitambue siku ile nakulisha uji, uliponishika mkono ukasema, "Asante, binti. Wazazi wako wamekulea vizuri."

Mwanao,
Yustina