Nilibandika Lebo kwa Kukisia

Mshauri mpendwa, amani ya Mungu iwe nawe, naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika. Mimi ni mama wa makamo, shule niliishia darasa la saba, kazi yangu ni usafi na kutunza chumba cha baridi katika maabara ya dawa, na kazi hiyo nilitafutiwa na binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea mimi, ambaye sasa ni mtaalamu humo humo na huniita mama mdogo hata mbele ya mabosi.

Yeye huotesha fuwele, vipunje kama chumvi, vya protini ya kirusi iliyoshikana na dawa, kisha zinapigwa picha kwa mionzi kuona dawa imekaaje. Siku moja kwenye chai alinieleza, "Mama mdogo, dawa imejibanza kwenye shimo la protini. Upande unaochungulia nje ndipo tunapofunga kamba, na ncha ya pili inamshika mfagizi wa seli, aje aiburute protini ikasagwe." Nikamwambia, "Kumbe na humo ndani nina mwenzangu!" Akacheka hadi chai ikampalia.

Sasa wiki tatu zilizopita nilikuwa nafuta rafu, lebo za sahani mbili za fuwele zikabanduka kwa unyevu, na sahani hizo zina dawa mbili zinazofanana kama mapacha, nami badala ya kuita mtu nikazibandika kwa kukisia, nikasema Mungu ataongoza mkono. Picha zimeshapigwa. Juzi nikamsikia binti akimwambia mwenzake, "Imekaa kinyume na nilivyotegemea, lakini picha ndiyo hiyo, kamba tutaifunga huku." Jumatatu anaipeleka picha hiyo kwa wakemia waanze kuiunda dawa yenye kamba, na mimi nilishika fagio nikanyamaza. Nimefunga siku tatu, nimeomba, amani sijaipata, naogopa kumwaibisha maana yeye ndiye aliyenileta, na tena pengine nilikisia sawa, je, si afadhali niache tu?

Mama wa Chumba cha Baridi

JIBU

Pole, mama. Ningekuwa karibu ningekushika mkono, kisha ningekugombeza. Lebo kubanduka si kosa lako. Kukisia ni kosa. Kunyamaza ni kosa kubwa zaidi, na hilo unalirudia kila asubuhi ukiingia kazini.

Umefunga na kuomba, vizuri. Lakini umemwambia Mungu, ambaye alijua tangu siku ile. Asiyejua ni binti yako.

"Pengine nilikisia sawa." Pengine. Na kama sivyo, kamba itafungwa upande uliozama shimoni, dawa haitakaa, mfagizi hatafika, na mtoto wako atahangaika miezi akitafuta kosa kwenye akili yake mwenyewe. Hiyo ndiyo aibu unayomkinga nayo?

Chukua karatasi. Andika tarehe, rafu, na lebo zote mbili. Mpe leo, ana kwa ana, si kwa simu wala si Jumapili baada ya ibada. Mwambie, "Mwanangu, ile picha usiipeleke kwanza. Lebo nilizibandika mimi, kwa kukisia." Kisha nyamaza umwache aulize. Mkienda kwa mkuu wa maabara, sema kwa mdomo wako, asikusemee.

Kazi inaweza kuondoka, sikufichi. Ila uliyemlea ana haki ya kujua ni sahani ipi aliyoipiga picha. Kunja gazeti, nenda.