Baiskeli ya Kukunja Niliyomchagulia Kinue

Matsumoto, Nagano
Tarehe 19 Oktoba

Mpendwa dada Mitsuyo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Presha imetulia? Na shemeji Osvaldo, kile kikohozi kimemwacha? Sisi hatujambo. Baridi imeanza, na Kinue ameshaanika matunda ya kaki barazani yakauke.

Nina jambo la kukusimulia, ingawa linanitia aibu.

Unajua mimi na mke wangu hupiga kambi ziwani kila mwaka majani yanapogeuka rangi. Kutoka hemani hadi kwenye bafu la maji moto ni kilomita mbili, na tangu mwaka jana goti la Kinue linamsumbua. Akaniambia mwaka huu huenda nikaenda peke yangu. Niliingiwa na hofu, maana bila yeye sioni raha ya kambi. Nikaamua kumnunulia baiskeli ya kukunja.

Nikajitia mtaalamu. Nilipima buti ya gari letu, nikalinganisha magurudumu ya inchi kumi na sita na ya ishirini. Yale madogo hukunjika vizuri, lakini kwenye kokoto yanakutikisa mpaka meno. Makubwa hupita popote, tatizo ni uzito. Dukani nilikunja na kukunjua baiskeli tatu, mwenye duka akanitania kwamba nimeshakuwa mfanyakazi wake. Mwishowe nikachagua ya kijani, inchi ishirini, kilo kumi na moja.

Mwenye duka akamuuliza Kinue, niliyekuwa nimekwenda naye, anaionaje. Akajibu, "Kekko." Sijui kama huko Brazili bado mnaukumbuka ujanja wa neno hilo: ni "nzuri sana," na pia ni "asante, sihitaji." Sisi wanaume wawili tulisikia tulichotaka, nikalipa.

Wiki mbili zikapita, baiskeli ingali ndani ya mfuko wake wa kubebea pale mlangoni. Nikamuuliza Kinue mbona hata haijaribu.

"Si nilikwambia siitaki?"

"Sasa goti je?"

"Goti linatembea, Baba Natsuki, polepole tu. Kilichonichosha ni kutazama mgongo wako."

Ni kweli mimi hutangulia, nikafika, nikamsubiri huku natazama saa. Hata baiskeli nilimchagulia ili mimi nisipunguze mwendo. Niliona haya sana.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kambini, baiskeli tukaiacha nyumbani. Safari ya bafuni ilichukua karibu saa nzima, bega kwa bega. Njia nzima Kinue alizungumza: habari za bata, za marehemu mama, za supu atakayopika jioni. Nikamwambia sikujua kwamba anapenda kuongea njiani. Akasema ameongea miaka yote, ila mimi nilikuwa mbali, sisikii.

Nisalimie shemeji na mpwa wangu Harumi. Natsuki na mama yake wanakusalimu sana. Uwe na afya, na nyumba yako iwe na amani.

Mdogo wako anayekupenda,
Kiyotaka