Nilikuwa Namsubiri Mhunzi Afe, Sasa Amepona

Mshauri wangu, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo mzee anakuja kula chakula cha mchana nyumbani kwangu, na ikipita kabla hujanijibu basi usijisumbue tena, nitakuwa nimeshaumbuka.

Mimi ni karani katika ofisi ya bima ya maisha, mume wa mke mmoja, sinywi, sivuti, na kitu pekee ninachokusanya ni visu. Usishtuke, si visu vya ugomvi. Ni visu vya kufuliwa kwa mkono, kazi ya mhunzi mmoja mzee ambaye hana duka wala kibao mlangoni, na hakutengenezei kisu mpaka umwambie kitakata nini na kitashikwa na nani. Ukishamwambia anakupa donge la udongo laini, huyo mwenye kisu alifinye kwa mkono wake kama ameshika mpini, kisha mzee anachonga mpini kwa kufuata zile alama za vidole. Kwa mwaka hatoi visu zaidi ya sita. Miaka sita iliyopita dalali mmoja wa vitu adimu aliniambia, bwana, nunua vya huyu mzee na usikate navyo hata karatasi, maana siku akifumba macho bei itapanda mara tano. Nikapiga hesabu, hesabu ninazopiga kila siku kazini: umri miaka sabini na mitatu, hana mke, hana watoto, anakohoa, anashinda kwenye moshi. Nikampa miaka mitatu, na nilikuwa mkarimu.

Basi nikaanza kununua, na kwa kuwa lazima useme kisu ni cha nini, nikasema. Cha kwanza nilisema ni cha mke wangu, cha vitunguu, na huo ulikuwa mkono wake kweli, alifinya udongo akafurahi sana, akaniuliza kitakuwa tayari lini, nikamwambia mzee ana foleni. Cha pili ni cha mama mkwe, nilimdanganya kwamba kufinya udongo ni dawa ya vidole vinavyomuuma. Vile kumi na kimoja vilivyobaki nilifinya mwenyewe, mara kwa mkono wa kushoto, mara nimevaa glavu, mara nimekunja kidole kimoja, nikasema hiki ni cha muuza samaki, hiki cha fundi viatu, hiki cha mwoka mikate. Vyote viko kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, vimepakwa mafuta na kufungwa kwa flana, na mke wangu anajua kwamba humo mna nyaraka za ofisi. Jikoni anakata vitunguu kwa kisu ambacho mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kila Jumatano nikitoka kazini napita kwa mzee kumjulia hali, na sitakuficha, nilikuwa namjulia hali kwelikweli, yaani nilitaka kujua imefikia wapi. Dalali naye alikuwa ananipigia simu kila Alhamisi, vipi mgonjwa? Halafu mwaka juzi mzee akaanguka karakanani, nikakimbia hospitali kuhakikisha, na kwa kuwa nilikuta majirani wamekaa pale niliona aibu kuingia mkono mtupu, nikarudi nikabeba supu. Muuguzi akaniuliza, wewe ni mwanawe? Nikasema ndiyo, ili daktari anipe taarifa mimi kwanza. Daktari akanipa taarifa, akanipa na orodha ya dawa, akasema kinachomuua baba yako ni moshi, mtengenezeeni bomba la kutolea moshi. Mke wangu alikuwa amesimama hapo hapo kando yangu. Ningefanyaje? Nikanunua dawa, nikatengeneza bomba, mke wangu akawa anapika supu mimi napeleka, miezi minne mfululizo.

Mshauri, mzee amepona. Hakohoi. Ana miaka sabini na tisa na anapanda juu ya paa mwenyewe kusafisha lile bomba. Majuzi nilimkuta huko juu nikashtuka asije akaanguka, kisha nikashtuka kwamba nimeshtuka. Ananiita mwanangu. Mke wangu anamwita baba, anawaambia dada zake kwamba kama wao wamepata waume, yeye amepata mtu. Nikisikia hivyo natoka nje kuangalia mita ya maji.

Sasa maji yamenifika shingoni. Jumatano iliyopita mzee alinipa chai, akaniambia, "Mwanangu, nakuja kwako Jumapili ya mwisho wa mwezi. Waite wote, muuza samaki, fundi viatu, wote, nakuja na jiwe langu nivinoe vile visu vyote kumi na vitatu, maana miaka sita hujaniletea hata kimoja kunoa." Na kunoa halipishi, alishaniambia tangu mwanzo. Dalali anasema kisu cha kukusanya kikiguswa na jiwe kimepoteza nusu ya thamani, ana mnunuzi tayari, nimuuzie vyote Ijumaa na nimwambie mzee tumeibiwa. Mimi nafikiria labda nikate navyo kitu kidogo kwanza, kama nyanya, vionekane vimetumika. Kipi bora, mshauri, wizi au nyanya? Maana mzee akijua nilichokuwa nasubiri hataniita mwanangu tena, na mke wangu naye akijua, sijui ataniitaje.

Wako,
Mwekezaji wa Visu

JIBU

Mwekezaji, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikasirika, na sasa najibu nikiwa katikati.

Nianze na kisu cha jikoni. Una visu kumi na vitatu chini ya kitanda na mwenzako anakata vitunguu kwa kitu kilichofungwa mpira wa baiskeli! Kimojawapo kilichongwa kwa kufuata vidole vyake mwenyewe. Alifinya udongo akafurahi, umesema, na amesubiri miaka sita foleni isiyokuwepo. Mimi ningekuwa dada yake, ningekuja na nyundo kulifungua hilo sanduku.

Wahenga walisema kufa kufaana. Hawakusema ukae na kalenda.

Sasa nisikilize. Wewe una hofu kwamba mzee atajua. Hebu soma tena maneno yako. Kisu kinachokata hupoteza makali, kisipokata hakipotezi. Mhunzi aliyetoa visu kumi na vitatu na hakuona hata kimoja kikirudi kwenye jiwe, unadhani amewaza nini miaka yote hiyo? Kwamba muuza samaki wako anakikatia maji? Na mtu aliyesoma mikono ya watu maisha yake yote, ulimpelekea dole gumba hilo hilo mara kumi na moja, ukadhani glavu itakuficha. Ofisini huenda una akili, kwa mzee zilikuwa zinabaki mlangoni. Anajua, mwanangu. Hajui kila kitu, lakini anajua visu havifanyi kazi na anajua havina wenyewe. Na bado aliendelea kukutengenezea, kwa sababu ulikuwa unakuja kila Jumatano. Alikuwa hana mtu, akapata wa kumwekea chai.

Hiyo Jumapili haji kukukamata. Angetaka kukuumbua angefanya hivyo kwenye kisu cha tatu. Anakupa nafasi ya kusema mwenyewe, na anakuja na jiwe mkononi ili usione haya. Ndiyo maana nakuonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Huyo dalali mpigie leo, mwambie mgonjwa amepona na biashara imekufa, kisha futa namba yake. Habari ya wizi usiitamke kabisa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini si hilo linalonitisha. Ukimwambia mzee visu vimeibiwa, kesho yake atawasha moto aanze kukufulia vingine kumi na vitatu, kwa umri huo, na utamtazama. Na nyanya kaa nazo, zitafaa kwenye mchuzi.

Leo hii, kabla hujavua viatu, vuta hilo sanduku, lifungue mbele ya mkeo na useme yote. Atakasirika. Huenda atanyamaza siku tatu, zihesabu wewe unayejua kuhesabu. Lakini mpe kisu chake mkononi kwanza ndipo uanze kusema, kitamkaa, na mtu aliyeshika kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake husikiliza kidogo. Cha mama mkwe mpelekee mwenyewe, na umwombe radhi kwa ile dawa ya vidole. Kimoja baki nacho. Vile kumi, nenda ukamtafute muuza samaki wa kweli, fundi viatu wa kweli na mwoka mikate wa kweli, uwaalike chakula, uwape. Mipini haitawakaa, mzee ataichonga upya, na hiyo ndiyo kazi anayoitamani. Hasara utakayopata ni karo yako.

Utaniuliza, na lile la kumsubiri afe nimwambie? Mwambie. Mtu wa miaka sabini na tisa anajua kwamba wako wanaomsubiri. Hajawahi kupata anayesubiri huku amebeba supu. Akikasirika, kaa hapo hapo akukasirikie, usikimbilie kwenye mita ya maji. Mtu akikufokea mezani kwako ujue bado hajaondoka.

Jumapili hiyo mkeo asiingie jikoni. Vitunguu kata wewe, kwa kisu chako, mzee akiwa amekaa hapo anakuangalia mkono. Sema yako yote wakati unakata, na machozi yakitoka hakuna atakayeuliza ni ya nini. Ukimaliza, kioshe kile kisu, mkabidhi akinoe.

Halafu muulize anaendeleaje, kama ulivyomuuliza miaka yote sita, na safari hii omba jibu liwe zuri.