Gasketi Kwanza

Chapwa, Tunduma
4 Februari 2024

Kwa mjomba Andongwisye,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mvua za Ileje hazijakuharibia kahawa. Mimi sijambo. Najua miaka sita imepita bila salamu. Naandika kwa sababu nasikia masikio yako hayashiki tena simu, na sina fundi mwingine wa kumuuliza.

Bwana Chanda wa Nakonde ameniletea Datsun ya mashindano ya mwaka 1972, yenye kabureta mbili za kulala. Anataka kuikimbiza Lusaka mwezi wa nne. Nimezisafisha, nimeweka nidili mpya za kufunga petroli. Lakini ikikata kona kwa kasi au ikipanda mlima inakohoa na kuzima, kama imeishiwa petroli, wakati tanki limejaa na pampu inasukuma vizuri. Maboya yanayoelea kwenye petroli nimeyapima milimita nane na nusu kutoka kwenye mfuniko, kama ulivyonifundisha. Nimekosea wapi?

Mpwa wako,
Nesta


Itumba, Ileje
15 Februari 2024

Mpwa wangu Nesta,

Marahaba. Mimi ni mzima, masikio tu ndiyo yamekwisha. Kahawa haijambo. Nimefurahi kuona mwandiko wako.

Nadhani ulipopima uliulaza mfuniko mezani. Kwenye ncha ya nidili kuna kagololi kadogo kenye springi. Ukiulaza, uzito wa boya unakabonyeza, unapata kipimo cha uongo. Petroli inakatwa mapema na chumba cha kabureta hakijai. Usimamishe mfuniko wima, boya lining'inie, ulimi wake wa bati ukaguse tu kagololi bila kukabonyeza. Hapo ndipo upitishe biti ya keekee ya milimita nane na nusu kati ya boya na mfuniko. Ulimi ukunje kidogo kidogo, na maboya yote mawili yalingane.

Na weka gasketi kabla ya kupima. Usipimie kwenye chuma kitupu. Gasketi kwanza, Nesta.

Mjomba wako,
Andongwisye


Chapwa
2 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Datsun imepona. Niliipeleka mpaka Vwawa na kurudi, bwana Chanda akiwa pembeni yangu, na haikukohoa hata mara moja. Ahsante sana.

Sasa naomba nikuulize jambo. Mambo ya gasketi umeyarudia kama mtu anayeogopa kitu. Siku ile ya gari la mteja wetu Gasper, miaka sita iliyopita, mimi nilisafisha kabureta, wewe ukapima, mimi nikafunga. Pakiti ya gasketi niliichana mwenyewe wakati wa kufunga. Ilikuwa haijafunguliwa. Kwa hiyo wewe ulipimia kwenye chuma kitupu, petroli ikapanda kupita kiasi, ikafurika juu ya ekzosi ya moto, na Gasper akaungua mikono. Watu wakasema binti ndiye aliyekosea. Nilipokwenda kumwona hospitali alinifukuza mlangoni. Wewe ukakaa kimya, kisha ukaniambia nitafute kazi kwingine.

Ulijua?

Mpwa wako,
Nesta


Itumba
20 Juni 2024

Mpwa wangu Nesta,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kuchelewa. Kila nilipoanza kukujibu niliona kwamba kuna mtu mwingine ninayepaswa kumwambia kwanza.

Nilijua siku ileile. Nilipoona gari linaungua nilikumbuka pakiti juu ya meza. Nilikuwa na karakana, na jina la miaka thelathini. Wewe ulikuwa umeanza tu. Niliona aibu hiyo ungeweza kuibeba kuliko mimi. Ndivyo nilivyofikiri, na sina maneno ya kuipamba.

Juma lililopita nilikwenda Ndalambo, nikamkuta Gasper shambani. Anashika jembe, ila vidole viwili havikunjiki. Nilimweleza yote palepale tukiwa tumesimama. Kwa kuwa sisikii, alichukua kalamu yangu akaandika kwenye karatasi: "Basi nilimfukuza binti wa watu bure." Halafu akarudi kulima. Nilikaa kwenye tuta mpaka akamaliza, lakini hakuniandikia neno jingine.

Nimepita pia Mkwajuni kwa Danford na mafundi wenzake waliokataa kukupa kazi. Nao wanajua sasa.

Mjomba wako,
Andongwisye


Chapwa
7 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatatu. Jumatano Gasper alikuja. Alikaa juu ya tairi akinitazama nikifanya kazi mpaka mchana, kisha akaniomba radhi mbele ya mafundi wote. Nililia, na sikutegemea kulia. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama naweza kulifufua lile gari lake lililoungua. Nimemwambia alilete.

Wewe bado nakukasirikia. Nimejaribu kuandika vinginevyo nikashindwa. Usimtume mtu kunibembeleza. Siku nitakayokuwa tayari nitapanda gari la Itumba mwenyewe, nitakuja na daftari na kalamu, na utajibu kila nitakachouliza.

Jitunze mpaka siku hiyo.

Mpwa wako,
Nesta