Sahihi Yangu kwenye Kiwanja cha Bunju

Jumanne, Kiwalani

Kumbe mie ni shahidi tu. Miaka kumi na nne najiita mwenye nyumba, leo mahakamani, kwenye kesi ya talaka yetu, nimeonyeshwa karatasi ya mauziano ya kiwanja cha Bunju tulipojenga. Mnunuzi ni Baba Neema peke yake. Chini kabisa, kwa mwandiko wangu mzuri, shahidi wa mnunuzi ni mimi.

"Si ulisaini mwenyewe, Mama Neema?" Baba Neema akaniuliza mbele ya hakimu, kwa upole, kama ananikumbusha nimesahau mwavuli.

Nilisaini. Siku ile ofisi ya serikali ya mtaa walitaka mashahidi wawili, na yeye alikuja na kaka yake tu. Akaniambia, "Saini wewe, mke wangu. Nimwamini nani mwingine?" Nikasaini huku nacheka. Kalamu niliazima kwa mwenyekiti, tena nikaondoka nayo.

Hakimu amesema karatasi peke yake haimalizi kesi, nilete watu walioniona nikijenga. Kesho namtafuta fundi Saidi, niliyempikia ugali na dagaa mpaka bati la mwisho. Yeye atasema nani alibeba maji ya zege, na mimba ya Neema juu.

Nusu ya nyumba naweza kuipata.

Ninachoogopa ni kuulizwa kama siku ile alinidanganya. Nitaapa, halafu itabidi niseme hapana. Siku ile alikuwa ananipenda kweli. Hilo nililiona, na shahidi wake nimebaki mimi peke yangu.